Mchango kwa Kila Mlango

Mimi ni fundi wa cherehani, na kazi hii imenipa hasira ya aina moja: siwezi kuvumilia kipimo kibaya. Gauni likimbana mteja makwapani halaumu kitambaa. Ananilaumu mimi, na ana haki. Ndiyo maana siku ile kwenye mkutano wa mtaa, hapa Garsen, mwenyekiti alipotangaza kwamba mchango wa barabara utatozwa kwa hesabu ya milango, mwili ulinisisimka hata kabla sijajua kwa nini. Nilijua tu kwamba kipimo hicho kitambana mtu.

Barabara yenyewe tuliitaka, nisiseme uongo. Mtaa wetu uko upande wa chini wa mji, ule unaoelekea mtoni. Mvua ikinyesha kidogo tu, njia inageuka uji, na mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka kwenye lami. Maji ya bomba nayo yalikuwa yakiishia kule kwenye lami, sisi tukisukuma mitungi kwa mikokoteni kama watu wanaohama kila siku. Tukaambiwa kuna mradi. Njia itainuliwa kwa changarawe, itachimbwa mitaro, yatawekwa makalvati, yale mabomba mapana ya saruji yanayopitisha maji chini ya barabara, na bomba la maji safi litafika hadi mwisho wa mtaa. Sharti lilikuwa kwamba wenye nyumba nao watoe fungu lao, kwa kuwa nyumba zao zitapanda thamani. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza tulipouliza fungu la nani litakuwa kiasi gani.

Wengine walitaka kila nyumba itoe sawa. Wenye ploti ndogo wakaruka juu: basi tupime urefu wa kila ploti kando ya njia, mwenye uso mrefu atoe zaidi. Mwenye ploti ya kona akauliza kama atatozwa mara mbili kwa bahati mbaya ya kuzaliwa na nyuso mbili. Kisha akasimama jirani wa shangazi yangu, mzee mmoja mfugaji, ambaye ng'ombe wake walikwisha kwa kiangazi akaja kukaa mjini na mwanawe. Alikuwa na sauti ndogo, ikabidi tunyamaze ili tumsikie.

"Mimi gari hapana," alisema. "Ng'ombe ilikwisha. Barabara ya mimi ni hii miguu tu. Sasa nyinyi napima miguu?"

Tulicheka, na yeye akacheka. Lakini lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Mwenyekiti ndiye aliyekata shauri. "Kila mlango unaotazama barabara ni fungu moja," alisema. "Mlango ndio unaotumia barabara. Hapo hakuna mapendeleo." Yeye mwenyewe alikuwa na vyumba vya kupangisha, safu mbili zinazotazamana uani, wapangaji wamejaa humo na watoto wao na pikipiki zao. Upande wa barabarani ana geti moja. Nilisimama nikamwambia kwamba mimi simtozi mtu gauni kwa idadi ya vifungo. Natazama kitambaa na mwili utakaolivaa. Watu wakacheka tena.

"Mama fundi," alinijibu kwa upole, "tukianza kuhesabu vilivyo ndani ya ua wa mtu, tutavunja heshima."

Heshima ikitajwa kwetu, midomo inafungwa. Na mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, jambo ambalo linaniudhi mpaka leo. Ndiye aliyekuwa akizunguka maofisini kwa nauli yake mwenyewe mpaka mradi ukaja. Angekuwa mwizi ningemchukia nikalala usingizi wangu.

Shangazi yangu alikuwa ameketi mbele na bakora yake, ametabasamu tangu neno mlango lilipotajwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Ni mtu wa Kipini, aliolewa huku na mfanyabiashara wa samaki wakavu, akabaki mjane bila mtoto, ameachiwa nyumba. Nyumba hiyo mumewe aliijenga kama walivyojenga wazee wao pwani, uso mzima umegeuzwa kwa watu: mlango wa barazani kwa wageni wanaume, mlango wa wanawake, na kamlango kadogo pembeni ambapo shangazi huuza mahamri na bajia. Aliposikia "kila mlango" akainua mkono.

"Nimekubali," alisema. "Sisi mwango wetu ni mmoya. Ni mimi na huyu hapa." Akanionyesha mimi kwa bakora.

Mwango, kwa lugha ya kwao, ndio huu mlango. Lakini pwani watu pia wana milango: mlango ni ukoo, watu wa babu mmoja. Ukienda Kipini kwenye harusi au maziko, mchango hugawanywa hivyo, mlango wa fulani unatoa hiki, mlango wa fulani kile, na ndani ya mlango wenyewe watu wanajuana nani ana nini na nani hana. Shangazi alidhani kamati imechagua njia hiyo ya zamani. Alidhani, maskini, kwamba tumepata kiongozi. Wengine walisikia mlango wa mbao, naye akasikia mlango wa watu, na nilipong'amua hivyo dua ya kufunga mkutano ilikuwa imekwisha na watu wanakung'uta viti.

Wiki iliyofuata wanakamati wawili walipita na kopo la rangi nyekundu wakitia alama kwenye kila mlango. Sijui nani aliwapa rangi hiyo. Hapa kwetu mtu akiona rangi nyekundu ukutani anajua nyumba itavunjwa, na mama mmoja alikuwa ameanza kukunja magodoro kabla hajaelezwa. Nilimkuta shangazi amesimama nje, anatazama alama zake tatu.

"Wamekosea," aliniambia. "Watu wa mwango mmoya wamehesabiwa watatu."

Nikamweleza. Nilieleza polepole, na nilimwona uso ukizima. Mafungu matatu yalikuwa makubwa kuliko mahamri yote ambayo angeweza kukaanga, na kamati ilikuwa imesema wazi kwamba asiyelipa hatapata maji na deni litaandikwa kwenye ploti yake. Hilo la ploti ndilo lililomtia hofu. Ile nyumba ndiyo kitu pekee mumewe alichomwachia, naye aliwahi kuona kwao nyumba ya mjane ikienda kwa deni dogo kuliko hilo. Nilimwambia nitamsaidia. Alitazama cherehani yangu moja na wanangu wanne, akasema tutaona.

Alichokiona ni hiki. "Wamesema mwango utazamao barabara," aliniambia siku chache baadaye. "Basi mimi nitageuka."

Nilipofika alasiri nilimkuta fundi wa ujenzi, kijana wa mtaani kwetu, ameshaziba mlango wa barazani na kamlango ka mahamri, na anaupandisha ukuta kwenye ule wa wanawake. Matofali mazima, saruji ya kutosha. Shangazi aliagiza saruji ya kutosha kwa sababu aliogopa kamati itasema ameweka pazia tu. Kijana alijipiga kifua: "Mathe, huu ukuta hata kiboko hatoboi." Ulibaki mlango mmoja, ule wa chuma wa jikoni, unaofungukia nyuma, kwenye vichaka vya miiba vya mathenge na bonde la mkondo wa zamani wa mto ambao haujapitisha maji miaka mingi.

Niligombana naye pale pale, mbele ya fundi. Nikamuuliza wageni watapita wapi. Akasema nyuma. Nikamuuliza wanunuzi wa bajia. Akasema wenye hamu watazunguka. Nikamuuliza hodi watu wataipigia wapi, na hapo akaanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Kamati ilikuja, ikatazama, ikakuna kichwa. Kanuni ni kanuni: nyumba haina mlango barabarani, haina fungu. Habari ikaenea kabla ya magharibi. Yule mzee mfugaji aliziba mlango wake wa pekee wa mbele, akafuata wa baada yake, na yule kijana fundi hakuwahi kupata kazi nyingi kama msimu ule. Upande wetu wa mtaa, ule wa chini, ukageuka mgongo mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili, ambako ploti ni za wenye nafasi, watu walilipa wakabaki na milango yao.

Sijui niielezeje njia ile baada ya hapo. Niliiogopa, basi. Ulikuwa ukipita unasikia watu wanaongea, mtoto analia, redio inasoma habari, na mbele yako ni ukuta tu. Pale palipokuwa na mlango plasta ilikuwa mbichi, nyeupe kuliko pengine, kama kovu, na pembeni yake rangi nyekundu ilikuwa bado imejitokeza. Salamu zilikufa. Mtu uliyekuwa ukimwamkia kila asubuhi akiwa kizingitini, sasa unakaa mwezi hujamwona, na hujui kama yuko.

Fedha, kama unavyotarajia, zilipungua. Kipimo kingebadilishwa siku hiyo hiyo tungekuwa salama, lakini kilichobadilishwa ni barabara. Walipunguza makalvati. Msimamizi wa ujenzi alisema yaliyobaki yanatosha kwa mvua ya hapa, na alisema kweli, maana mvua ya hapa si kitu. Lakini maji yetu hayatoki kwenye mvua yetu. Kila aliyekulia kwenye mto huu anajua hivyo, na tulikuwa wengi pale tunaojua, tukatazama chini. Barabara ikainuka, ikashindiliwa, ikang'aa, kimo chake kikafika usawa wa madirisha yetu. Shangazi aliipenda.

"Si wametuwekea ukuta?" alisema. "Mai yakiya yatazuiliwa." Nilimwambia mto uko nyuma ya nyumba yake, si mbele. Alinipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Mto wa Tana una adabu moja, hutuma habari kwanza. Mvua kubwa zinanyesha milimani, mabwawa huko juu yanajaa, na sisi huku tunaanza kupigiwa simu. Mteja wangu wa Madogo ndiye aliyeanza: maji yameingia kwenye maduka ya kando ya mto. Siku zikapita. Shemeji yangu wa Kinakomba akapiga kusema mahindi yote yamelala chini ya maji na wao wamehamia kwenye shule. Kati ya simu hizo sisi tulikuwa kwenye jua kali, anga haina hata wingu, vumbi la barabara mpya linatuingia machoni. Nilikuwa nashona sare za shule na kufumua mshono ule ule. Nilimfuata shangazi nikamsihi aje kulala kwangu, kule juu karibu na lami.

"Nimezaliwa mdomoni mwa mto huu," aliniambia. "Mai nayajua. Siachi nyumba wakaya kuiandika deni sipo."

Yalikuja mchana, baada ya adhuhuri, wakati wazee wamejinyoosha. Hayakuvuma. Yalitoka ndani ya mathenge taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matete na magogo na mzinga wa nyuki, yakapenya nyumba zetu kwa nyuma kana kwamba yanaelekea kwingine, yakafika kwenye barabara yetu nzuri yakasimama. Makalvati machache yalimeza kiasi chake, kisha yakakabwa na matawi. Baada ya hapo maji yakaanza kupanda.

Niliitwa nikiwa dukani, nikakimbia na futi ya kupimia shingoni. Nilipofika nilisimama juu ya barabara, nyayo zangu kavu, upande mmoja watu wamesimama kwenye milango yao wakitazama, upande wa pili ule ukuta mrefu na nyuma yake maji. Halafu nikasikia mtu anagonga. Aligonga pale palipokuwa na kamlango ka mahamri, akigonga kutoka ndani.

"Hodi!" aliita shangazi. "Hodi jamani! Hodi!"

Maishani mwangu sijapata kusikia neno hilo likitoka upande ule. Nililia papo hapo, sikungoja. Wanaume wawili walijaribu kuzunguka nyuma wakarudi na maji kifuani: mlango wa chuma unafungukia nje, na magogo yameuegemea. Madirisha yalikuwa na nondo za kuzuia wezi. Ukabaki ukuta. Yule fundi kijana alikuja mbio na nyundo kubwa akaanza kuipiga kazi yake mwenyewe, na ile saruji ya kutosha ilikuwa ya kutosha kweli. Wengine wakaleta mitaimbo. Kelele zilikuwa nyingi sana, chuma juu ya jiwe, watu wanapeana amri.

"Shangazi, panda kitandani!" nilipiga kelele.

"Kitanda chaelea," alinijibu, kwa sauti ile ile anayonijibia mahamri yamekwisha.

Ukuta ulipotoboka yalitoka maji kwanza, kwa nguvu, yakamwangusha fundi, kisha masufuria, kisha sinia la bajia, na mwisho mkono wake. Tulimvuta akakwaruzika bega zima. Alikuwa ameshika funguo za milango yote mitatu iliyokwisha kuzibwa. Nilimkumbatia njiani mbele ya watu wote, nikamtukana na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja.

Tulikuwa bado tumemzunguka, tunamfunika kwa leso, mwana wa yule mzee mfugaji alipofika mbio kutoka stendi anakofanya kazi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

Tuligeuka sote kuutazama ukuta wa pili, ambao ulikuwa umenyamaza. Alikuwa na sauti ndogo yule mzee, nimeshasema, na sisi tulikuwa na nyundo. Fundi aliinuka bila kuambiwa. Ukuta wa pili ulivunjika haraka zaidi, kwa kuwa sasa alijua pa kupiga. Tulimtoa kwa tundu lile, na miguu yake, ile aliyotuuliza kama tutaipima, ilitangulia.

Maji yalikaa, kisha yakaondoka kama kawaida yake. Mwenyekiti alileta mchele na sukari matangani, akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Matanga yalipokwisha nilimfuata kwake nikamwambia abadilishe kipimo: tutazame ukubwa wa ploti, tuhesabu vyumba vya kupangisha, tuwapunguzie wajane na wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia tukibadilisha sasa, waliokwisha kulipa watadai kurudishiwa, na mradi utakufa nusu. Kisha, bila kunitazama, akasema hesabu itabidi irudiwe, maana kuna nyumba ambazo sasa zina uwazi barabarani. Niliondoka bila kumuaga. Niliogopa mdomo wangu.

Nilimwita seremala aweke mlango kwenye tundu la shangazi. Shangazi alitaka lizibwe, tukabishana siku nzima. Nilimwambia mlango wetu ni mmoja, alisema mwenyewe mbele ya watu, basi alama waje waitie kwangu, na fungu hilo nitalitoa mimi hata kama nitashona mpaka vidole vife ganzi. Akanipa funguo zake zile akasema huenda mmoja utafaa. Hakuna uliofaa.

Seremala alikuwa bado anapima fremu nilipoona yule fundi kijana anashusha matofali mbele ya nyumba ya jirani. Mwana wa marehemu alikuwa amesimama kando, anamwelekeza. Nilivuka uwanja nikamshika mkono. Nikamuuliza kama amerukwa na akili, kama amesahau tulimtoa baba yake wapi. Nilimpigia kelele, mimi mtu mzima, kwenye nyumba ya msiba.

Alingoja nimalize. "Maji yamepita, mama," alisema. "Mchango haujapita."

Fundi alikoroga saruji bila kuinua kichwa. Mstari ulipanda, ukafika magotini, kiunoni, kifuani. Ulipokaribia juu, mwana wa marehemu alimgusa begani.

"Hapo juu acha nafasi ya tofali moja," alimwambia. "Ya sauti."

Siku hizi, ukiacha ya shangazi, nyumba za upande wetu zote zina tundu hilo. Jana nimepigiwa simu tena kutoka Madogo. Asubuhi, nikienda dukani, nilisimama kwenye ukuta wa jirani, nikanyanyua uso kwenye lile tundu nikapiga hodi.

"Karibu," alinijibu mwana wa marehemu kutoka ndani. Nikabaki nimesimama, maana hapakuwa na pa kuingilia.